Ahadi ni Deni

Ndugu msikilizaji, utotoni tulikuwa tukigombania gazeti la Sani. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine tukachungulia picha begani kwake. Ndumilakuwili na Lodi Lofa tuliwajua kama jirani zetu. Mchoraji hatukumjua, wala hatukuuliza analipwaje. Juma hili nauliza, na jibu nalitafuta Marekani.

Mwaka 2003 mchoraji Rich Burlew alianza kuweka katuni katika intaneti, akaiita The Order of the Stick. Watu wake ni wa vijiti, mikono na miguu mistari mitupu. Hakuwa na mwajiri juu yake. Kuisoma ilikuwa bure, na ni bure hadi leo. Riziki aliipata kwa kuikusanya hadithi katika vitabu, akavichapisha mwenyewe.

Shida ilikuja vitabu vilipoanza kuadimika. Kuvichapa upya kunataka fedha nyingi kwa mkupuo. Basi Januari 2012 aliwaomba wasomaji mchango kupitia Kickstarter, akitaja dola 57,750. Kwa muda wa mwezi mmoja watu karibu 15,000 walitoa dola 1,254,120. Walikuwa wamesoma bure miaka minane, na hakuna aliyewalazimisha kutoa.

Wanaoisimulia habari hii wengi huishia hapo. Mimi naona uzito wake unaanzia hapo. Wachangiaji walikuwa wameahidiwa vitu: vitabu, hadithi mpya na kadhalika. Septemba mwaka ule ule Burlew akaumia vibaya dole gumba, na katuni ikasimama. Hakuwa na ofisi ya kupelekea cheti cha daktari. Wa kuwaeleza walikuwa wale wale waliomchangia. Walingoja. Ahadi nyingine zilichukua miaka kutimizwa.

Nina rafiki mchoraji hapa mjini. Picha zake zimeuza magazeti miaka mingi. Alipougua alitaka kuzikusanya awe na kitabu cha kuuza, akaambiwa zote ni mali ya mwenye gazeti. Alikwisha kulipwa, basi. Hana deni na mtu, lakini hana hata picha moja.

Sisemi njia ya Burlew ni nyepesi. Alibeba deni la watu 15,000 akiwa na mkono mmoja mbovu. Ila alikopeshwa kwa kuwa alikuwa na mali yake. Mchoraji kijana unayenisikiliza, kabla ya kutia sahihi, soma karatasi hiyo mpaka mwisho.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.