Umeme wa kwanza Dar es Salaam ulifuata reli, si makazi ya wengi

Taa ya umeme ilianza kuwaka Dar es Salaam mwaka 1908. Aliyeileta ni serikali ya kikoloni ya Wajerumani, na hakuileta kwa ajili ya wakazi wote wa mji.

Kazi kubwa ya umeme ule ilikuwa kuhudumia karakana za reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar mwaka 1905, na mafundi walihitaji nguvu ya kuendesha mashine. Uliobaki ulipelekwa sehemu ya mji walikokaa Wazungu. Waafrika, ambao ndio walikuwa wengi, waliendelea na koroboi.

Waingereza na kampuni binafsi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaichukua Tanganyika, na mwaka 1920 umeme ukawekwa chini ya idara ya serikali.

Mwaka 1931 kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni mbili binafsi. DARESCO ilipewa Dar es Salaam na maeneo yake, ikitumia mitambo ya dizeli. TANESCO ikajenga mtambo wa maji kwenye maporomoko ya Mto Pangani. Kwa nini Pangani? Kwa sababu kulikuwa na mashamba ya mkonge Tanga, na wenye mkonge walikuwa na hela ya kulipa.

Hesabu ilikuwa ileile ya mwaka 1908: waya unaenda kwa mteja mkubwa kwanza.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1964 serikali ilianza kununua hisa za kampuni hizo. Mwaka huohuo mtambo wa Hale, wa megawati 21, ulianza kazi kwenye Mto Pangani, na njia kubwa ya umeme ikavutwa hadi Dar. Kampuni hizo mbili ziliunganishwa, zikabaki na jina moja tunalolijua leo: TANESCO.

Kidatu ikafuata mwaka 1975. Gridi ilifika Shinyanga na Mwanza miaka ya 1980, zaidi ya miaka 70 tangu taa za kwanza za Dar.

Kanda ya Ziwa na migodi

Huku kwenye dhahabu na almasi, mwenye mgodi alijizalishia mwenyewe. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 uliendeshwa kwa mitambo yake ya dizeli. Umeme ukawepo, ila ukaishia ndani ya uzio wa mgodi. Jirani wa nje alibaki gizani kama jirani wa karakana ya reli mwaka 1908.

Vijiji vya ufukweni kama Nkome havikuwa na reli wala mkonge wa kuvutia waya. Wavuvi wa dagaa walifanya kazi usiku kwa karabai.

Mambo yalianza kubadilika pale sheria ilipoweka fedha maalumu kwa ajili ya vijiji. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007. Ilikuwa karibu miaka 100 tangu Dar ipate umeme, na safari hii nguzo zilipangwa kufuata watu, hata pasipokuwa na mteja mkubwa.