Majina ya Mawe ya Oldupai

Kiswahili chetu kimekipa kila kitu alichochonga mtu wa kale jina moja: zana za mawe. Jina hilo linatosha kwenye kibao cha makumbusho. Kwa Mary Leakey lisingetosha hata kwa asubuhi moja ya kuchimba katika bonde la Oldupai.

Mwanaakiolojia huyu, aliyezaliwa London mwaka 1913 na kufariki Nairobi mwaka 1996, hakusomea shahada yoyote ya chuo kikuu. Aliingia katika fani kwa mkono wa mchoraji, na anayechora jiwe hana budi kulikagua pande zote. Katika kitabu chake cha 1971 kuhusu matabaka ya chini ya Oldupai, alitenga kiini kilichomeguliwa, vibanzi vilivyobanduka humo, jiwe la kugongea, matufe na vikwanguo. Hata mawe yasiyochongwa, ila yaliyobebwa na mkono kutoka mahali pengine, aliyaweka katika kundi lake. Kwa kazi hiyo istilahi ya Oldowani, jina la aina hii ya zana, ilipata mipaka, na leo hata mawe ya Gona, Ethiopia, yenye miaka milioni 2.6, huitwa kwa jina hilo.

Majina ya mifupa yamekuwa na misukosuko zaidi. Tarehe 17 Julai 1959 Mary aliona fuvu ambalo mumewe, Louis, aliliita Zinjanthropus boisei: Zinj, jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu, na Boise, mfadhili wa utafiti. Wataalamu wengi sasa huliita Paranthropus boisei. Pwani yetu imetoka katika jina, mfadhili amebaki. Kanuni za sayansi zinaruhusu hivyo, lakini kwangu ni hasara.

Kisa kinachonionyesha tabia yake ni cha 1978. Donald Johanson na wenzake waliunda jina Australopithecus afarensis, kutokana na Afar ya Ethiopia, lakini kielelezo rasmi cha spishi hiyo wakakifanya taya la Laetoli, lililopatikana Tanzania na kikosi cha Mary. Kati ya Laetoli na Afar kuna zaidi ya kilomita 1,500. Mary alikataa, akataka jina lake liondolewe kwenye makala yao. Jina lilipita, na taya la Laetoli linabeba jina la Afar hadi leo. Mwaka huohuo kikosi chake kilikuwa kikifukua Laetoli nyayo za zamadamu waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita. Hapo pia alikuwa mwangalifu na majina: aliyepita ametembea kwa miguu miwili, basi, kumpa jina la spishi kungoje ushahidi.

Zamadamu ni neno zuri, limekaa mahali pake. Lakini mwanafunzi wa Ngorongoro bado hana istilahi zilizokubaliwa za kumwelezea mwenzake jiwe aliloliokota kwao. Kiini, kibanzi, kikwanguo, jiwe la kugongea: maneno haya tayari yamo vinywani mwetu, yanangoja kupewa maana moja ya kitaalamu. BAKITA na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waketi pamoja, wakiwaita pia wachimbaji walioshika mawe hayo kwa mikono yao, watuandalie orodha hiyo.