Furu: Samaki wadogo ambao mzamiaji hawaoni katika Ziwa Victoria

UZAMIAJI wa kutoka ufuoni ni mchezo usiohitaji mashua. Mzamiaji huvaa kinyago, mapezi ya miguuni na mtungi wa hewa mgongoni, kisha huingia majini kwa miguu na kuyafuata mawe polepole akitafuta viumbe wadogo. Katika Bahari ya Mediterania mchezo huu una wapenzi wengi, kwani maji yake ni maangavu.

Kwa mkazi wa Butere, mji ulio mwisho wa reli itokayo Kisumu, maji makubwa yaliyo karibu ni Ziwa Victoria. Viumbe wadogo wa kutazamwa humo hawakosekani. Wapo furu, ambao Waluo huwaita fulu, jamaa wa ngege na wengi wao wasiozidi sentimita 15. Wataalamu hukadiria kuwa ziwa hilo lilikuwa na aina zipatazo 500, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani. Kila aina ina mlo wake: wako wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, na hata wanaokula magamba ya samaki wenzao. Majike huyaatamia mayai mdomoni.

Sayansi imewapa baadhi yao jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, aishiye kwenye visiwa vya mawe upande wa Tanzania, alipewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Furu wamepata mapigo mawili. La kwanza ni sangara, au mbuta, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka ghafla miaka ya 1980. Inahofiwa kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka.

Pigo la pili ni kuchafuka kwa maji. Udongo, mbolea na maji taka hulisha mwani, nao mwani huzuia mwanga. Karibu na Kisumu, mara nyingi mtu haoni hata mita moja mbele yake. Hasara hiyo si ya mzamiaji peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Science ulionyesha kuwa jike la furu humchagua dume kwa rangi yake, nyekundu au samawati. Maji yakiwa machafu rangi hazitambulikani, na aina mbili huchanganyika hadi zikawa moja. Hivyo aina hupotea bila samaki hata mmoja kuvuliwa.

Mbali na giza hilo, ufuo wa ziwa una viboko, mamba na vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozini. Kuzamia humo kwa burudani hakushauriwi.

Tumaini limebaki katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, ndani ya kinamasi cha Mto Yala. Ziwa hilo dogo limetengwa na Victoria kwa mafunjo, na sangara hajalitawala. Humo wamesalia furu pamoja na ngege wa asili, ambaye karibu atoweke katika ziwa kubwa.

Anayetaka kuzamia hana budi kwenda pwani, ambako hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Baada ya kuzamia mara kadhaa, asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege ya kurudi Kisumu, ili naitrojeni iliyoingia mwilini isitengeneze mapovu ya hatari kwenye damu.

Ama furu, hatima yao huanzia mbali na ufuo. Mito Nzoia na Yala hupitia Kakamega kabla ya kuingia ziwani, na kila mvua inayochukua udongo wa shamba lisilo na matuta hupunguza mwanga ambao samaki hao wanautegemea ili kutambuana.