Unataka kuingia Zimamoto? Mbio peke yake hazitoshi

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ikitokea Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43. Waliotoka hai ni 24. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao, na kijana mmoja, Majaliwa Jackson, akajulikana nchi nzima kwa kutumia kasia kusaidia mlango wa ndege ufunguke. Muda mfupi baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza kijana huyo aingizwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Njia hiyo ni ya mtu mmoja. Wengine wote wanasubiri tangazo, wanaomba mtandaoni, wanaitwa kwenye usaili, wakifaulu wanakwenda mafunzoni. Na wengi wanaokwama hapo katikati hawakwami kwa sababu ni wavivu. Wanakwama kwa sababu wamejiandaa kwa kazi ambayo siyo hii.

Nani anaajiri

Tanzania Bara kazi hii ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa vya halmashauri, kila mji na wake. Sheria ya Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyoviweka chini ya chombo kimoja cha taifa. Namba yao ya dharura ni 114, ni bure kupiga.

Zanzibar wana chombo chao, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi Zanzibar (KZU), na ajira zake zinatangazwa huko huko. Kenya ni tofauti tena: tangu ugatuzi wa 2013 zimamoto ni kazi ya serikali za kaunti, hivyo kijana wa Mombasa au Nakuru anafuatilia matangazo ya bodi ya utumishi ya kaunti yake.

Karatasi kwanza

Tangazo likitoka Bara, maombi hupitia mfumo wa ajira wa jeshi mtandaoni. Masharti yanayojirudia ni uraia wa Tanzania, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, afya njema, kutokuwa na rekodi ya uhalifu na kutokuwa na michoro mwilini. Umri nao una ukomo: kwa wa kidato cha nne, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka miaka 18 hadi 25. Wenye fani, kwa mfano madereva wa magari makubwa, mafundi umeme au wauguzi, huwekewa masharti yao. Kila tangazo lisomwe lenyewe, maana la mwaka juzi siyo la mwaka huu.

Kinachowaumiza watu wengi hapa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Ally Hassan, NIDA inasema Juma A. Hassani, cheti cha shule kina majina mawili tu. Kurekebisha hilo kunaweza kula wiki au miezi, wakati dirisha la maombi huwa fupi. Mwenye nia alianze leo, kabla tangazo halijatoka.

Halafu kuna vishoka. Tangazo likitoka tu, yanaibuka magrupu ya WhatsApp yenye nembo ya jeshi na mtu anayejiita afande, anataka "hela ya kusogeza jina". Nafasi haziuzwi, fomu haziuzwi. Akishatumiwa hela afande huyo hapatikani tena, na familia imeshauza mbuzi.

Mwili: hapa ndipo kwenye kazi

Ukiuliza vijana mtaani wanajiandaaje, jibu ni moja: "Napiga mbio na pushapu." Siyo vibaya. Lakini mzimamoto hakimbii na bukta. Koti, suruali, buti, kofia na mtungi wa hewa mgongoni kwa pamoja vinazidi kilo 20, na hapo bado hajashika mpira wa maji.

Ili kuona kazi yenyewe inadai nini kwa mwili, tazama nchi zinazochapisha vipimo vyao wazi. Marekani na Canada vikosi vingi vinatumia kipimo kinachoitwa CPAT. Ni mazoezi manane mfululizo, yote yaishe ndani ya dakika 10 na sekunde 20, na mtahiniwa amevaa kizibao chenye uzito wa kama kilo 22.7 mwanzo hadi mwisho. La kwanza ni kupanda ngazi kwenye mashine, hatua 60 kwa dakika, kwa dakika 3, tena kwa ngazi hizo anaongezewa kilo 11 mabegani. Wengi wanaofeli wanafia hapo hapo, mapaja yamegoma. Anayepita bado ana kuvuta mpira wa maji, kubeba mashine, kusimamisha ngazi, kupiga nyundo, kutambaa kwenye njia yenye giza, kuburuta sanamu la mtu lenye kilo 75, na mwisho kusukuma na kuvuta dari kwa mti mrefu. Wanaume na wanawake wanapewa kipimo kile kile.

Uingereza sanamu lao ni la kilo 55, na mtahiniwa analiburuta mita 30 akirudi kinyumenyume.

Usaili wa hapa nyumbani hauna mashine hizo, na mwombaji asitarajie kuzikuta. Ila moto wa Kariakoo na moto wa Chicago unahitaji misuli ile ile, na aliyejiandaa kwa vipimo hivyo hatababaishwa na mbio za uwanjani.

Uzuri ni kwamba vifaa vya mazoezi viko nyumbani. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na kidogo. Mawili, moja kila mkono, mita 50 kwenda na kurudi, ni zoezi la mikono, mgongo na vidole ambalo jimu nyingi hazilitoi. Begi la shule likijazwa mchanga, anza na kilo 5 kisha ongeza taratibu, linatosha kwa kupanda ngazi za ghorofa au kilima. Mfuko wa saruji una kilo 50, hivyo salfeti ya mchanga ya uzito huo, iliyofungwa vizuri na kamba, ndiyo "majeruhi" wako wa kuburuta. Nguvu itoke miguuni. Anayevuta kwa kiuno atapata maumivu kabla ya kupata ajira.

Mbio zibaki, lakini zibadilike. Badala ya kilomita tano za mwendo mmoja kila siku, siku mbili kwa wiki ziwe za kukimbia kasi dakika moja au mbili, kupumzika kidogo, kisha kurudia. Kazi ya moto inakuja kwa vipande vya namna hiyo. Na siyo suala la kufaulu usaili tu: Marekani, kwa miaka mingi, sababu inayoongoza kwa vifo vya wazimamoto wakiwa kazini imekuwa moyo kusimama ghafla, zaidi ya kuungua. Sigara na shisha ziachwe mapema.

Miezi mitatu ni muda wa kawaida wa kuona mabadiliko kwa mtu mwenye afya. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, au mwenye historia ya presha au pumu, apite kituo cha afya kwanza. Apime na macho. Ni bora kuyajua hayo sasa kuliko kuyasikia kwa daktari wa usaili.

Hofu haionekani kwenye pushapu

Kuna watu wana misuli kweli, lakini ukiwapandisha ngazi ya mita kumi wanashika vipago kama wamegundishwa. Wengine hawana shida na urefu, shida yao ni sehemu finyu na giza. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, waokoaji walitumia siku kadhaa kuwafikia watu waliofukiwa chini ya zege. Uokoaji wa aina hiyo mtu haufanyi akiwa amesimama wima.

Waingereza wanalipima hili mapema. Mtahiniwa anapanda ngazi, anafunga mguu mmoja kwenye kipago, anaachia mikono yote miwili na kuinyoosha, kisha anatazama chini. Ni vizuri mtu akajijua kabla. Kupanda mnazi, kufanya kazi na mafundi wa paa (ukiwa umefungwa kamba), au kupanda minara ya kanisa na misikiti ukipata ruhusa, vyote vinazoesha kichwa. Giza na sehemu finyu usizifanyie mazoezi peke yako, na visima visiguswe kabisa. Hewa mbaya ya kisimani huua hata aliyeshuka kumwokoa mwenzake.

Maji ni habari nyingine. Bukoba ilikumbusha kwamba jina la jeshi lina neno "uokoaji", na uokoaji ni pamoja na ziwa, bahari, mito na mafuriko. Kuna watu wamekulia Mwanza au Tanga na hawajui kuogelea. Anayejua ana cha kuandika kwenye wasifu wake, na asiyejua atafute mwalimu na bwawa lenye mwangalizi, si kujitupa ziwani na marafiki.

Kwenye mahojiano

Swali la "kwa nini unataka kujiunga?" lina jibu ambalo wasaili wamelisikia hadi limewachosha: "Naipenda nchi yangu." Anayeweza kueleza kazi yenyewe anasikika tofauti. Ajue jeshi linafanya nini zaidi ya kuzima moto: ajali za barabarani, watu waliozama, waliotumbukia visimani, ukaguzi wa majengo, zamu za viwanja vya ndege. Ajue moto unahitaji vitu vitatu, yaani joto, hewa na kitu cha kuungua, na kwamba kuzima ni kuondoa kimojawapo. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango hayamwagiwi maji. Moto unazimwa, chombo kinafunikwa. Umeme unakatwa kwanza.

Ajiandae pia kuulizwa kama yuko tayari kupangiwa mkoa wowote. Mafunzo nayo ni ya kijeshi, na jeshi lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni mkoani Tanga. Kwata, kuamka alfajiri na kutii amri vipo. Asiyetaka kuamrishwa atateseka huko hata kama anabeba saruji mbili.

Usiku wa kuamkia usaili siyo wa kufanya zoezi la mwisho. Mtu alale, asubuhi ale kitu chepesi alichokizoea, na anywe maji mapema, kwa kuwa foleni juani inaweza kuwa ndefu kuliko mbio zenyewe. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Vyeti halisi viwe kwenye bahasha moja pamoja na nakala. Na laini ya simu iliyoandikwa kwenye maombi isibadilishwe: majina ya walioitwa hutolewa kwenye tovuti ya jeshi, lakini kukiwa na dosari kwenye taarifa zako, namba hiyo ndiyo itakayotafutwa.