Supu tamu iliyofika kwa meli

Mtu wa Dar es Salaam akisikia neno supu, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye bakuli la asubuhi: kongoro au utumbo, limau limeshakamuliwa, pilipili pembeni, chapati mkononi. Ukimwambia kuna watu wanaopika supu ya zabibu na mdalasini, wakaila sikukuu ya Krismasi, usishangae akikuuliza kama hiyo si juisi iliyochemshwa.

Wenyewe wanasema ni supu. Wanorwei huiita søtsuppe na Wadenmark sødsuppe, yaani supu tamu, basi. Waswidi wanasema fruktsoppa, supu ya matunda. Walioyatunga majina hayo hawakujisumbua sana.

Pishi lake huanza usiku. Plamu kavu, zabibu kavu, aprikoti na vipande vya tufaha lililokaushwa huroweshwa kwenye maji baridi, kiasi cha gramu 250 kwa lita moja na nusu ya maji. Kukicha, plamu zilizolala na makunyanzi huwa zimetutumka, na maji yamekuwa kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Maji hayo hayamwagwi, ndiyo supu yenyewe. Sufuria ikibandikwa motoni hutiwa kijiti cha mdalasini, vipande viwili vitatu vya limau, sukari kwa kuonja, na vijiko vichache vya sagu. Sagu ndiyo ya kuchungwa. Punje huingia nyeupe kama chaki, na baada ya dakika ishirini hivi kila moja hubaki na kitone cheupe katikati tu. Kitone hicho kikitoweka, punje ikawa kama kioo, supu imeiva. Aliyejisahau bila kukoroga atazikuta zimeshika chini.

Huko kwao watakwambia hiki ni chakula cha asili, cha mabibi. Sibishi, lakini ukiichungulia hiyo sufuria utaona asili yake ina safari ndefu. Tufaha ni la hapo hapo: lilikatwa visahani, likatungwa kwenye uzi na kuanikwa karibu na jiko ili lifike majira ya baridi. Zabibu na limau haviwezi kustawi kwenye theluji ile. Mdalasini ni wa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Na sagu ni unga wa ndani ya shina la mti wa jamii ya mnazi unaoota mabwawani huko Asia ya Kusini-Mashariki. Shina hupasuliwa, moyo wake ukakunwa na kuoshwa kwa maji mengi, na wanga ukituama chini ndio unaofinyangwa kuwa punje. Aliyewahi kukamua wanga wa muhogo anaijua kazi hiyo.

Vitu hivyo vya Asia vilihitaji meli. Wadenmark waliunda kampuni yao ya biashara ya India mwaka 1616, na miaka minne baadaye wakapata kituo cha Tranquebar, pwani ya kusini mashariki ya India. Ni sadfa tu, lakini inapendeza: mwaka huohuo wa 1616 ndipo kitabu cha kwanza cha mapishi kwa Kidenmark kilipochapwa, Copenhagen. Waswidi walifuata mwaka 1731 na kampuni yao ya Göteborg, ambayo meli zake zilikwenda Canton na kurudi hadi ilipovunjwa mwaka 1813.

Kiungo kilichobaki ni sukari, na hapo hadithi inageuka chungu. Denmark ilikuwa na visiwa vitatu katika Karibi: St. Thomas tangu 1672, St. John tangu 1718, na St. Croix, kilichonunuliwa kutoka kwa Wafaransa mwaka 1733. Miwa ya huko ililimwa na Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao wakipitishwa katika ngome ya Christiansborg, pale Accra. Sukari ghafi ikasafirishwa kwenda kusafishwa Copenhagen. Denmark husifiwa kwa kupitisha mapema sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, mwaka 1792. Kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyo ilianza kutumika 1803, na ndani ya miaka hiyo kumi na moja meli ziliendelea na kazi zake. Watumwa wenyewe hawakuwa huru hadi 1848, nao hawakungoja kupewa: waliinuka St. Croix, gavana akatangaza uhuru. Mwaka 1917 visiwa vyote vitatu viliuzwa kwa Marekani kwa dola milioni 25. Supu haikuwa tamu bure.

Si kila nyumba iliyokuwa na uwezo wa kununua sagu. Hapo anaingia mwanamke mmoja wa Uswidi, Eva Ekeblad. Viazi mviringo vilikuwa vimeshafika nchini mwake, lakini watu walivitazama kama kioja cha bustani ya wakubwa. Mwaka 1746, akiwa na umri wa miaka 22, aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Uswidi akieleza jinsi ya kupata unga, wanga na pombe kutoka kwenye viazi. Mwaka 1748 akachaguliwa kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Miaka mitatu baadaye wakubwa wa Akademia wakambadilishia cheo, wakamfanya mwanachama wa heshima, kwa kuwa ni mwanamke.

Wanga wa viazi ndio unaozipa uzito supu nyingi za nyumbani leo, na hata sagu inayouzwa madukani Denmark mara nyingi ni ya viazi. Lakini wanga huo una masharti yake. Hukorogwa kwanza kwa maji baridi, ukamiminwa taratibu huku mwiko ukizunguka, na povu la kwanza likipanda sufuria inaepuliwa. Ukiuacha utokote sana, supu hulegea na kuvutika kama mlenda.

Kisha supu ikapanda meli tena, safari hii kuelekea magharibi. Tarehe 4 Julai 1825 jahazi dogo liitwalo Restauration liling'oa nanga Stavanger likiwa na watu 52. Liliwasili New York tarehe 9 Oktoba likiwa na 53, kwani mtoto alizaliwa baharini. Nyuma yao walifuata Wanorwei wapatao 800,000 katika miaka mia moja, na Waswidi zaidi ya milioni moja. Walipofika Minnesota na Wisconsin, viungo vya supu havikuwa tena vya kigeni. Mfaransa Louis Pellier alikuwa amepanda vipandikizi vya plamu za kwao katika bonde la Santa Clara, California, mwaka 1856, na plamu kavu na zabibu za jimbo hilo zikawa bidhaa ya kila duka. Badala ya sagu wengi wakatumia tapioka, ambayo ni muhogo wetu huu huu, uliotoka Brazili.

Supu hiyo pia hupelekwa kwa mzazi. Norwei kuna desturi ya zamani ya majirani kumpelekea chakula mwanamke aliyejifungua, hasa uji mzito wa malai. Kwa wajukuu wao wa Marekani, supu tamu ikaingia kwenye kapu hilo. Anayeujua uji wa pilipili manga wa mzazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndugu yake, supu ya bluberi, haikuhitaji meli. Uswidi mtu yeyote anaruhusiwa kuingia msituni na kuchuma beri za porini, hata kama msitu ni wa mwingine. Supu hiyo, ikiwa ya moto, hupewa wanaoshindana Vasaloppet, mbio za kuteleza juu ya theluji kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, zilizoanza 1922.

Wafini nao humwaga supu yao ya matunda makavu juu ya uji wa mchele wakati wa Krismasi. Jina lake moja la zamani ni sekametelisoppa, na siku hizi ukilisikia huenda hawazungumzii chakula kabisa: ndilo neno lao la jambo lililovurugika, mchafukoge. Bibi anayeupika mchafukoge huo akishauepua hunyunyiza sukari kidogo juu usifanye utando, akaufunika na kuuweka mahali pa baridi. Wengi hawaugusi hadi kesho yake.