Anayejua Kuwa Anaota Hakimbii

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa mtoto kule Tanga nililala chumba kimoja na bibi yangu, mama mzaa mama. Kwa muda mrefu niliota ndoto ile ile: mbwa mweusi ananifukuza uchochoroni, nami miguu haisogei. Nilipoamka nikipiga kelele, bibi hakunikemea. Aliniambia, "Mjukuu wangu, huyo ni wa ndotoni tu. Kesho akija usikimbie. Geuka umuulize, wataka nini?" Mimi nikacheka. Mtu aliyelala atajuaje kuwa amelala?

Swali hilo la kitoto ndilo nataka tulizungumze leo, maana limewashughulisha watu wazima wenye elimu zao kwa zaidi ya miaka 1,500. Wapo watu ambao katikati ya usingizi, ndoto ikiwa inaendelea, hutambua kuwa wanaota. Hawaamki. Hubaki humo humo ndotoni wakiwa na akili zao timamu, na baadhi yao huweza hata kuigeuza ndoto ielekee watakako. Hebu tuiite ndoto ya kujitambua. Mwaka 2016 watafiti waliounganisha matokeo ya tafiti za miaka 50 walikadiria kuwa watu 55 katika kila 100 wamewahi kuota hivyo angalau mara moja katika maisha yao, na 23 katika kila 100 huota hivyo mara moja kwa mwezi au zaidi. Huenda wewe ni mmojawapo, ila hujawahi kumwambia mtu.

Moja ya habari za kale kabisa za ndoto hizi inatoka katika bara letu la Afrika. Yapata mwaka 415, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba huko Algeria, alimwandikia barua rafiki yake Evodius. Humo alisimulia kisa cha tabibu mmoja, Gennadius, aliyekuwa akiishi Carthage, jirani na Tunis ya leo. Tabibu huyu alikuwa na shaka kama kuna maisha baada ya kifo. Usiku mmoja aliota kijana wa sura nzuri akimpeleka katika mji wenye nyimbo tamu. Usiku wa pili kijana yule akarudi, akamuuliza kama anamkumbuka, na kama walionana akiwa macho au usingizini. Gennadius akajibu kuwa ilikuwa usingizini. Kijana akamwambia kuwa hata sasa yumo usingizini. Mwili wako uko wapi? Uko kitandani. Macho yako je? Yamefumbwa. Basi unaniona kwa macho gani? Tabibu akakosa la kujibu.

Augustino alikitumia kisa hiki kufundisha habari za roho. Lakini kwa mazungumzo yetu, kilicho muhimu ni kwamba Gennadius alijua yumo ndotoni na bado akaendelea kuota.

Karne nyingi baadaye, huko huko Tunis, mwaka 1332, alizaliwa Ibn Khaldun, mwanahistoria mkubwa wa Kiislamu. Katika kitabu chake cha Mukadima, alichokiandika mwaka 1377, anaeleza habari za maneno fulani yanayosomwa kabla ya kulala ili mtu aote jambo analolitafuta. Anasema aliyajaribu mwenyewe na akaona mambo ya ajabu. Lakini papo hapo anatoa tahadhari ya mtu mwenye akili: maneno hayo hayaleti ndoto kwa lazima, bali yanaitayarisha nafsi tu. Tahadhari hiyo, ndugu msikilizaji, naomba uishike, tutaihitaji mbele.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuuliza ndoto ina maana gani. Tunavyo vitabu vya tafsiri za ndoto vinavyonasibishwa na Ibn Sirin, na wazee wanaojua nyoka ni nani na meno kung'oka ni nini. Swali la leo ni jingine. Hatuulizi ndoto imekuja kusema nini. Tunauliza mwotaji anaweza kufanya nini akiwa ndani yake.

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa subira kuliko wote ni Mfaransa, Hervey de Saint-Denys, aliyezaliwa mwaka 1822 na baadaye akawa profesa wa lugha ya Kichina mjini Paris. Alianza kuandika na kuchora ndoto zake akiwa kijana mdogo, hajatimiza miaka 14. Hatimaye alikuwa na madaftari 22 yenye kumbukumbu za usiku 1,946. Kwa kuandika tu, akagundua kuwa anazikumbuka ndoto zake vizuri zaidi, na kwa kuzikumbuka, akaanza kujitambua akiwa ndani yake.

Naye alikuwa na jinamizi lake. Aliota mara kwa mara anafukuzwa na mazimwi ya kutisha, anakimbia chumba hadi chumba, anahangaika na milango isiyofungika, anaamka akitokwa na jasho. Mara ya nne akatambua kuwa ni ndoto. Akasimama, akaegemeza mgongo ukutani, akamkazia macho zimwi aliyekuwa mbele. Alipomtazama kwa makini, zimwi akaanza kupoteza umbo lake mpaka akawa si kitu. Mwaka 1867 alichapisha kitabu kuhusu ndoto na namna ya kuziongoza, bila kuweka jina lake. Nakala zikawa adimu kiasi kwamba Sigmund Freud, bingwa wa mambo ya ndoto, alikiri kuwa hakuipata.

Mwaka 1913 daktari wa akili na mwandishi wa Kiholanzi, Frederik van Eeden, alisoma mjini London taarifa ya ndoto zake 352 za namna hii, alizoziota kati ya mwaka 1898 na 1912. Yeye ndiye aliyezipa ndoto hizi jina linalotumiwa na wataalamu hadi leo. Lakini wataalamu wengi walizikataa. Mwaka 1959 mwanafalsafa wa Marekani, Norman Malcolm, alishikilia kuwa mtu aliyelala hawezi kusema kwa maana kuwa amelala. Wengine walisema waotaji hao huwa wameshtuka usingizini kidogo, kisha wanadanganywa na kumbukumbu.

Utaona shida ilikuwa ushahidi. Aliyelala ni shahidi wa peke yake, na shahidi huyo amefumba macho.

Ukombozi ulitoka kwenye macho hayo hayo. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kuwa kuna vipindi vya usingizi ambapo macho huenda mbio chini ya kope, na anayeamshwa wakati huo mara nyingi husema alikuwa akiota. Baadaye ikajulikana kuwa katika vipindi hivyo misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, lakini ile ya macho haifungwi. Ndipo Keith Hearne, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akapata wazo. Kama mwotaji anajijua kweli, na atupe ishara kwa macho. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, Alan Worsley, akiwa amelala na nyaya za mashine zikiwa kichwani mwake, alipeleka macho kushoto na kulia kama walivyokuwa wamepatana. Mashine ikachora ishara hiyo kwenye karatasi, huku ikionyesha kuwa yumo usingizini. Huko Marekani, Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, bila kujua kazi ya Hearne, alifanya jaribio la namna hiyo hiyo na kulichapisha mwaka 1981.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walikwenda mbali zaidi. Waliwauliza maswali watu waliokuwa katikati ya ndoto. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu mbili kwa kuchezesha macho. Katika majaribio 158, majibu sahihi yalikuwa kiasi cha 18 katika kila 100. Si mengi, lakini yanatosha kumnyamazisha anayesema kuwa jambo lenyewe haliwezekani.

Sasa utaniuliza, faida yake nini? Hapa tusidanganyane, maana wapo wanaouza vitabu na vifaa wakiahidi kuwa utalala mjinga uamke bingwa. Watafiti wa Ujerumani mwaka 2010 waliwapa watu kazi ya kutupa sarafu ndani ya kikombe. Waliofanikiwa kufanya zoezi hilo ndotoni walikuwa 7 tu kati ya 20 waliojaribu. Saba hao waliongeza shabaha yao, lakini waliofanya mazoezi wakiwa macho waliwashinda.

Kuhusu ubunifu, watu hutaja mtaalamu wa famakolojia Otto Loewi wa Graz, Austria. Kama alivyosimulia mwenyewe, usiku mmoja mwaka 1920 aliota jaribio, akaliandika, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii aliamka akaenda moja kwa moja maabara, na kwa mioyo miwili ya vyura akathibitisha kuwa neva hupeleka habari kwa kemikali. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel. Lakini tazama vizuri: Loewi hakujitambua ndotoni. Wazo hilo alikuwa amewahi kulifikiria miaka mingi kabla akiwa macho, na ndoto ilimkuta tayari. Ni yale yale ya Ibn Khaldun, nafsi iliyotayarishwa.

Faida ninayoweza kuisimamia mimi ni ile ya bibi yangu. Miaka mingi iliyopita basi nililopanda lilipinduka kabla ya kufika Segera. Nilitoka na mkono uliovunjika. Jirani yangu wa kiti hakutoka. Mkono ulipona, usingizi haukupona. Kila usiku nililipanda basi lile upya. Ilifika mahali nikaogopa kulala, na mke wangu akahamia chumba cha watoto kwa ajili ya kelele zangu. Nilipopata kusoma habari za yule Mfaransa na zimwi lake, nikamkumbuka bibi. Nikaanza kuandika ndoto zangu kila asubuhi. Mchana nilikuwa nikisoma namba za magari mara mbili mbili na kujiuliza, je, naota? Maana maandishi ya ndotoni, ukiyatazama mara ya pili, mara nyingi hubadilika.

Ilinichukua kama miezi miwili. Usiku mmoja, nikiwa kituoni, nikasoma namba ya basi lile, nikageuka, nikaisoma tena, nayo ilikuwa nyingine. Nikajua. Sikulizuia basi wala sikuruka angani. Nilikataa tu kupanda, nikabaki nimesimama na yule jirani yangu, tukalitazama linaondoka. Niliamka nikilia, lakini sikuamka nikipiga kelele. Ndoto ile imenirudia mara chache tangu hapo, na hainifukuzi tena kitandani.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua kitu. Daftari na kalamu chini ya mto vinatosha, na nia unayoikariri unaporudi kulala alfajiri: nikiota, nikumbuke kuwa naota. Asiyefanikiwa asijilaumu, wengi hukosa. Usijinyime usingizi kwa ajili hiyo, na mwenye maradhi ya akili, hasa anayechanganya ya kweli na yasiyo ya kweli, amwone daktari kwanza. Hata jinamizi linalotokana na msiba mzito linastahili tiba ya mtaalamu.

Lakini mtoto wako akiamka usiku anaweweseka, usimwambie ndoto si kitu, alale. Kwake ni kitu. Muulize ameona nini, msikilize mpaka mwisho, kisha umwambie alichoniambia bibi yangu, ambaye hakupata kusoma kitabu hata kimoja cha hao niliowataja.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia usiku mwema.