Jua la Kariakoo na dakika za fundi

Wadau, nimekuwa kimya hapa kijiweni siku kadhaa. Tulikuwa na msiba. Mjomba wangu, yule aliyenifundisha kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma, alitutoka Aprili hii, na kamati ya msiba ikanipa mimi kazi ya fulana. Fulana sitini, picha yake kifuani, na mazishi kesho yake saa saba mchana. Wajomba walisema, "Wewe si mwandishi, unajuana na watu wa uchapaji?" Basi.

Nikaenda kwa fundi mmoja Kariakoo, ghorofani nyuma ya maduka ya vitambaa. Ana fremu za mbao, kitambaa chembamba kilichovutwa kikakaza kama ngoma, ndoo za wino na skwiji. Kitambaa anakipaka dawa, anakikausha gizani, juu yake anaweka karatasi yenye picha nyeusi iliyopakwa mafuta ya kula ili mwanga upite, halafu kioo, halafu anaitoa juani. Wenyewe wanaita kuchoma. Mwanga unapogusa dawa, dawa inakuwa ngumu. Palipozibwa na weusi inabaki laini, ukimwagia maji inatoka, na hapo ndipo wino utakapopita. Kila mtu aliyevaa fulana ya kampeni amevaa kazi ya namna hiyo.

Sasa shida. Ilikuwa masika. Skrini ya kwanza alipoimwagia maji, dawa yote ikaenda na maji, sura ya mjomba na jina lake vyote chini kwenye mfereji. Mwanga haukutosha. Ya pili akaiacha juani muda mrefu, wingu likapisha ghafla, jua likawaka. Safari hii dawa haikutoka kabisa machoni wala mdomoni. Picha ya mtu kwenye skrini ni vitone vidogo vidogo, na vile vidogo kuliko vyote ndivyo vinavyoziba kwanza mwanga ukizidi. Mjomba akatoka kama mtu aliyefunikwa kitambaa usoni. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikawaza nitawaambia nini wajomba.

Fundi hakupaniki. Akachukua fremu ndogo, akaipaka dawa ileile, akaweka karatasi ya majaribio, akaitoa nje na kipande cha boksi. Kila baada ya dakika moja alisogeza boksi na kufunika sehemu nyingine, mpaka akapata mistari mitano: wa dakika moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaosha. Miwili ya mwanzo iliondoka na maji. Wa tatu ukashika lakini ukawa na matundu. Wa tano uliziba. "Nne," akasema, kisha akatazama juu. "Lakini nne za wingu hili, kijana wangu. Jua likitoka si nne tena." Alipochoma skrini ya tatu hakuangalia saa sana. Alinyoosha kidole juu ya kioo akawa anatazama kivuli chake. Kivuli kikikolea anaharakisha kuhesabu, kikififia anapunguza mwendo.

Mjomba akatoka. Macho yote mawili, na ule mwanya wake. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Baada ya arobaini nikaanza kutafuta: hii dawa ya rangi ya chungwa aliigundua nani, na nani wa kwanza alihangaika na hizi dakika? Nilidhani nitaishia Marekani kwa Andy Warhol, ambaye mwaka 1962, Marilyn Monroe alipofariki, alianza kuichapa sura yake kwa skrini. Kumbe kisa kinaanzia Edinburgh, Uskoti, mwaka 1839.

Mungo Ponton alikuwa mwanasheria na katibu wa benki. Mwaka huo watu wa Ulaya walikuwa wamepagawa na habari ya kupiga picha, lakini kazi ile ilitaka fedha halisi, madini ghali. Ponton akaloweka karatasi kwenye daikromati ya potasiamu, chumvi ya rangi ya chungwa na ya bei rahisi, akaona inageuka rangi kwenye mwanga. Akaitangaza mbele ya chama cha sanaa cha Uskoti bila kuiwekea hataza, kila anayetaka aitumie. Mwenzake wa Uingereza, Talbot, aliyependa hataza kweli kweli, mwaka 1852 akaweka hataza ya njia ya kuchonga picha iliyotegemea jambo moja kubwa: daikromati ikichanganywa na jelatini, mwanga unaifanya jelatini isiyeyuke. Hapo ndipo ilipo ndoo ya fundi wangu. Samuel Simon wa Manchester alipopata hataza ya kuchapa kwa skrini ya hariri mwaka 1907, alikuta kemia imeshamsubiri zaidi ya nusu karne.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Joseph Swan, yule wa taa za umeme, mwaka 1864 aliweka hataza ya karatasi ya kaboni ya kuchapia picha. Karatasi ile ilikuwa nyeusi tititi, huwezi kuona picha inavyojichora, kwa hiyo huwezi kujua lini imetosha. Na jua la Uingereza mnalisikia. Wapiga picha wakaanza kutumia kijisanduku kinachoitwa aktinomita: ndani mna karatasi inayokolea juani, pembeni pamepakwa rangi ya kulinganishia. Karatasi ikifanana na rangi ile, umehesabu moja, unasogeza karatasi mpya. Picha hii inataka tatu, ile inataka nne. Walihesabu mwanga wenyewe, wakaiacha saa mfukoni. Nilicheka peke yangu, maana kile ni kidole cha fundi wa Kariakoo.

Kuna upande nisioucheka. Vidole vya fundi vina madoa ya chungwa na mipasuko isiyopona. Kromi iliyomo kwenye daikromati inaunguza ngozi, na tangu mwaka 1990 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017, huwezi kuitumia bila kibali maalumu. Huku inauzwa ikiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na hata jina. Ponton aliitoa bure, na bure ile bado tunailipia.

Nikarudi kwa fundi na boksi la glavu, nikamweleza yote haya, pamoja na kwamba ipo dawa nyingine ya diazo isiyo na kromi. Alinisikiliza vizuri. Akasema diazo anaijua, aliwahi kuijaribu, bei yake si ya mteja wa fulana sitini, na inakawia: hesabu zake zote za jua alizozijenga miaka kumi na minane ingebidi azianze upya. Glavu akazivaa palepale. Nilipopita wiki iliyofuata, zilikuwa zimening'inia msumarini karibu na skwiji, moja ina tundu, na yeye alikuwa nje amenyoosha kidole juu ya kioo.